Mashua kuukuu ya mita 9 inauzwa Kunduchi: nikague nini kabla sijalipa?

Mchanga_wa_Pwani:

Habari zenu wakuu. Kuna mashua ya mbao inauzwa Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, urefu mita 9, upana wa katikati mita 2.8. Mwenyewe anasema mbao za ubavuni ni mvule, mataruma (mbavu za ndani) ni mtondoo. Imekaa juu mchangani masika mawili, haikufunikwa hata kwa makuti. Nje imepakwa rangi mpya ya buluu, ndani haijaguswa. Mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) na usukani vipo, tanga limeviringishwa bandani. Injini haina.

Niliyoyaona kwa macho: ngamani (chini kabisa ndani ya chombo) kuna maji ya mvua kama ndoo tatu. Mishono kadhaa kati ya mbao imeachana kiasi kwamba sarafu ya shilingi 200 inapita. Kutu inachuruzika kwenye vichwa vya misumari juu ya rangi hiyo hiyo mpya. Karibu na tezi (nyuma) mtu amemwaga saruji ndani, eneo la ukubwa wa sinia.

Muuzaji anasema kilichobaki ni kalafati tu (kuziba mishono kwa pamba), ndani ya wiki inaelea. Nia yangu ni kuikarabati itembee kwa tanga kati ya Kunduchi na kisiwa cha Mbudya, watu 8 hadi 10. Naomba mwenye kujua anieleze: nianzie wapi kukagua, kipi kinatengenezeka, na kipi nikikiona niondoke?

---

Fundi_Hanamu:

Mkuu, rangi na mishono iache kwanza. Mishono ya chombo kilichokaa juani masika mawili lazima iachane, mbao zimekauka zikasinyaa. Zikirudi majini zinavimba na kufunga kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mshono uliofunguka hautoshi kukuambia chombo kimekufa, na vilevile neno la "kalafati tu" halikuhakikishii kitu.

Anza na umbo. Mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo chini, ukipinda, ukarabati wote unakuwa wa kubandika viraka. Chombo kilichokaa nchi kavu kikiwa kimeegemea katikati tu huinama kwenye omo (mbele) na tezi, na mkuku unanyanyuka kama mgongo wa paka. Pima kwa ule mpira wa leveli wa mafundi ujenzi, wenye maji ndani. Weka alama ya usawa mmoja kwenye hanamu (mti wa mbele), katikati na kwenye fashini (mti wa nyuma), kisha pima kutoka kila alama kushuka hadi chini ya mkuku. Usiamini mstari wa ukingo wa juu, huo uliundwa na mnyanyuko wake tangu mwanzo. Ikiwa mkuku umezama mchangani, chimba sehemu hizo tatu. Kama mwenyewe hakuruhusu kuchimba, hapo umeshapata jibu moja.

Halafu pima mshazari: kutoka kichwa cha hanamu hadi ukingo wa kulia kwenye taruma la katikati, kisha upande wa kushoto taruma lile lile. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita 3, chombo kimejisokota. Chombo kilichojisokota hakishiki njia, na kwenye kubisha (kupanda dhidi ya upepo) kitakuwa kizuri upande mmoja na kibaya upande wa pili.

Baada ya umbo, tafuta uozo, na hapa wengi hukosea kwa kutafuta chini. Maji ya chumvi hayaozeshi mbao, ni kama samaki wa ng'onda aliyetiwa chumvi. Kinachoozesha ni maji ya mvua yaliyotuama mahali pasipopata hewa. Chombo kilichokaa masika mawili wazi kimeoza juu na ndani: vichwa vya mataruma chini ya ukingo, ncha za boriti za sitaha, sehemu ya juu ya fashini, mlingoti unapokaa, na nyuma ya kila ubao uliobandikwa juu ya mwingine. Hizo ndoo tatu za maji ngamani zinanitia wasiwasi kuliko mishono yote. Onja tone moja: kama hayana chumvi hata kidogo, yamekuwa yakinywesha miguu ya mataruma muda wote huo.

Vifaa ni shazia ya kushonea tanga au bisibisi nyembamba, nyundo ndogo ya mbao, tochi na chaki. Gonga kila taruma juu, katikati na chini. Mbao nzima inaitika kwa mlio mkali. Iliyooza inajibu kwa kishindo cha gunia la unga. Pasipoitika, choma shazia kwa mkono bila nyundo. Ikiingia milimita 2 au 3 ni uso tu umelainika. Ikizama sentimita moja na kutoka na unga wa kahawia au unyevu, weka alama ya chaki. Ukimaliza hesabu alama, wala usizikisie kwa macho. Kipima unyevu cha umeme usikibebe, kwenye mbao iliyokunywa chumvi kinasoma juu hata pale palipo pazima.

Saruji ya ngamani ivunje. Mwombe ruhusa na umwambie wazi: bila kuona chini ya saruji, bei yake ni ya kuni. Saruji haishikani na mbao inayovimba na kusinyaa. Inaacha ufa mwembamba, maji yanaingia humo na hayatoki. Mara nyingi chini yake utakuta mguu wa taruma umegeuka uji, au mshono kati ya mkuku na ubao wa kwanza umeshindikana kukalafatiwa.

Farumi nayo, yaani uzito wa kutuliza chombo, itolewe yote, mawe na mifuko ya mchanga. Chini ya farumi hapapigwi deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) wala hapafagiliwi, na ndipo uozo unapojificha.

Kuhusu kuondoka: mkuku uliooza au kutobolewa na wadudu zaidi ya theluthi ya urefu wake, ondoka. Hanamu na fashini zote mbili zikiwa mbovu, ondoka. Zaidi ya nusu ya mataruma yakiwa na chaki, ondoka, maana hapo unaunda chombo kipya ukitumia cha zamani kama kalibu. Mengine yote ni hesabu ya mbao, misumari na siku za fundi.

---

Bamvua:

Naongezea kwa alichosema fundi hapo juu, mambo mawili: wadudu na misumari.

Yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao ni jamii ya chaza, si mchwa. Anaingia akiwa mdogo kupitia tundu la kichwa cha pini, halafu anakua humo humo akila kufuata urefu wa mbao. Kwa nje unaona vitundu viwili vitatu, ndani pamekuwa mzinga wa nyuki. Njia zake zimepakwa ganda jeupe kama chokaa, hivyo ukikuta mirija myeupe kwenye mbao iliyokatwa huna haja ya kuuliza zaidi. Kukaa juu miezi mingi kumeshawaua waliokuwamo, lakini mashimo yamebaki. Anapopenda zaidi ni chini ya mkuku, kwa sababu chombo kinapopwelea (kukaa chini maji yakitoka) mchanga unakwangua deheni au rangi na kuacha mbao uchi. Vitundu vya nje huzibwa kwa rangi mara moja, kwa hiyo kwangua rangi mpya vipande vya kiganja, angalau sita kila upande chini ya mstari wa maji.

Kwa mkuku, toboa kwa keke au drili biti ya milimita 5, matundu manne au matano kutoka ubavuni. Tazama kinachotoka. Mbao nzima inatoa maranda yaliyojikunja, ukinzani ni ule ule mwanzo hadi mwisho. Biti ikidumbukia ghafla, kuna njia ya mdudu. Likitoka tope jeusi, kuna uozo. Kila tundu lizibwe kwa kijiti cha mbao ngumu kilichochovywa rangi nzito. Hiyo ni heshima kwa mwenye chombo hata kama hutanunua.

Sasa misumari. Machozi ya kutu juu ya rangi mpya maana yake msumari unaendelea kuliwa. Kutu haiishii kwenye chuma, inachoma na mbao iliyo jirani mpaka tundu linapanuka na msumari unabaki kuning'inia. Ng'oa sita hadi nane: miwili karibu na mkuku, miwili kwenye mstari wa maji, mmoja karibu na hanamu, mmoja karibu na fashini, iliyobaki popote penye kutu kali. Pima unene katikati ya msumari, pale ubao unapokutana na taruma, kwa sababu ndipo unapoliwa. Kichwa kinaweza kuwa kizima kabisa na kiuno kimebaki kama njiti ya kiberiti. Msumari wa milimita 6 uliobaki 4 unahitaji mwenzake mpya pembeni. Uliobaki 3 haushiki kitu.

Kama itawezekana kuiteremsha kabla hujalipa, subiri bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Hapa kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, itaelea maji yakijaa, kisha utaipweleza palepale kwa magadi (nguzo za kuiegemeza), upate saa tatu au nne za kukaa chini ya mkuku. Maji mafu (siku za maji madogo) hayakupi nafasi hiyo.

---

Kijana_wa_Msasani:

Wakuu mnamtisha bure. Siku hizi mashua kama hiyo inapigwa faiba nje, matabaka mawili ya mkeka wa nyuzi za kioo na rezini (gundi yake), mishono yote inazibwa, kalafati unaisahau. Misumari haitamhusu tena.

---

Fundi_Hanamu:

Kijana wangu, nakujibu kwa upole kwa sababu ushauri huu umeenea na unaua vyombo.

Rezini hushika mbao kavu, safi, isiyo na mafuta. Mashua hii imenyweshwa sifa (mafuta ya papa) na deheni miaka yote. Mafuta hayo yameingia ndani ya mbao wala hayatoki kwa msasa. Faiba itashika miezi michache, kisha itaanza kuachia kuanzia chini ya mstari wa maji, na huoni kwa nje mpaka ivimbe.

La pili, mbao za ubavuni zinatembea. Kila moja ina upana wa sentimita 20, inavimba na kusinyaa kwa milimita kadhaa, ilhali faiba nyembamba haitembei. Itapasuka juu ya mishono, maji yatapenya, na yakipenya hayatoki. Ndani mvua inaingia, nje pamezibwa: umeutengenezea uozo nyumba yake. Nguvu ya chombo nayo iko kwenye ubao kushikana na taruma kwa msumari, na faiba ya milimita 3 haibebi kazi ya misumari iliyokatika. Siku ya kusi kali (upepo wa kusini) ubavu unafunguka ukiwa ndani ya gamba.

Faiba nzuri ni ya boti iliyoundwa kwa faiba tangu mwanzo, au mbao mpya kavu zilizogundishwa zisiweze kutembea.

---

Mchanga_wa_Pwani:

Nashukuru sana wakuu. Nimerudi na vifaa na mwenyewe ameniruhusu kila kitu, hata kuvunja saruji. Matokeo haya hapa.

Mkuku: katikati umenyanyuka sentimita 2 ukilinganisha na ncha zote mbili. Mishazari imepishana sentimita 1. Matundu matano ya biti kwenye mkuku, manne safi, moja karibu na tezi biti ilidumbukia kidogo na kukutana na mbao nzima tena. Hanamu nzima. Fashini imelainika sentimita 20 za juu, chini inaitika vizuri.

Mataruma yako 30. Saba yana chaki: matano vichwani, mawili miguuni, na hayo mawili ndiyo yaliyokuwa chini ya saruji. Mbao za ubavuni ni 12 kila upande; tatu za juu pande zote zimeoza sehemu nyingi, na hizo nadhani ni mwembe. Za chini ni mvule kweli. Misumari minane: miwili mizima, minne imebaki milimita 4, miwili imebaki 3 au pungufu.

Tanga ni la pamba, linanuka ukungu. Maji ya ngamani hayakuwa na chumvi kabisa.

---

Fundi_Hanamu:

Mwenyewe aliyekuruhusu hayo yote ni mtu wa kweli, kaa naye vizuri. Na mashua inafaa kununuliwa, ila kwa bei ya chombo kinachohitaji misumari mipya yote. Hiyo ndiyo hoja yako ya mezani, pamoja na mbao sita. Sentimita 2 kwenye mita 9 zinabebeka, mradi maungio ya mkuku na hanamu hayajaachana. Usijaribu kuzinyoosha kwa jeki.

Hesabu ya misumari: mataruma 30, mbao 12, pande mbili, misumari miwili kila makutano, jumla 1,440. Ongeza ya kupinda na kupotea, sema 1,600. Ubao ni inchi moja na taruma kama sentimita 8, kwa hiyo chukua inchi 5 ili ncha itokee ndani na kukunjwa. Ni kama kilo 40. Nunua iliyochovywa zinki, ile ya kijivu yenye uso wa kukwaruza. Inayong'aa kama kijiko imepakwa utando tu, haitamaliza misimu miwili ya chumvi. Usipige kwenye tundu la zamani. Toboa jipya pembeni, jembamba kuliko msumari, lisifuatane na la zamani kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao, la sivyo ubao utapasuka. Chini ya kichwa zungushia uzi wa pamba uliolowa mafuta.

Mbao: sita za mita 9 ni mita 54, ongeza sehemu ya makato upate kama mita 62. Kwa upana wa sentimita 20 na unene wa 2.5 ni mita za ujazo 0.31. Usirudishie mwembe, ndio uliooza. Mvule ni bora, ila una vijiwe ndani vinavyoua meno ya msumeno, mwambie fundi mapema. Msaji (mtiki) wa mashamba ya Longuza au Mtibwa unafaa pia kama umekomaa. Mbao nyeupe ya pembeni ikatae. Maungio ya mbao mbili zinazopakana yapishane angalau mita 1.5.

Mataruma usiyang'oe yote saba kwa pamoja, umbo litapotea. Kwanza simamisha magadi pande zote mbili na vigogo vitatu chini ya mkuku, ncha zibebwe sawa na katikati. Halafu toa moja, weka jipya, pigilia, nenda la mbali nalo. Yale matano ya vichwani yanaweza kupewa taruma pacha ubavuni, lishuke angalau mara nne ya urefu wa sehemu iliyooza. Mawili ya miguuni yabadilishwe yote.

Kalafati ije mwisho kabisa, baada ya misumari. Mishono ya mashua hii ni kama mita 216 ukizidisha mbao kwa urefu, na pamba inakwenda gramu 20 hadi 25 kwa mita, hivyo andaa kilo 5. Na hapa sikia: mbao zimekauka, usiingize pamba kwa nguvu ukidhani unaziba sarafu ya mia mbili. Mbao zikivimba na mshono umejaa kupita kiasi, zinasukumana mpaka misumari inang'oka na mataruma yanapasuka. Kabla ya kalafati mwagia maji ya bahari ndani na magunia mabichi nje kwa siku nne au tano, mishono ijirudi, ndipo upige pamba kwa mkono wa wastani.

---

Demani_na_Henza:

Nashika ya juu. Tanga la pamba lenye ukungu lipime hivi: choma shazia, kisha vuta pembeni kwa vidole viwili. Nyuzi zikisogea bila kukatika, kitambaa kina uhai. Zikikatika kama karatasi, lipime ukubwa ulihifadhi kama kielelezo cha jipya, kazi yake imekwisha. Jaribu karibu na foromali, ndipo maji hutuama likiwa limefungwa.

Foromali fungua kamba pale vipande vyake vinapounganishwa. Uozo hukaa chini ya kamba, na ikikatika kwenye upepo hakuna cha kufanya. Mlingoti uchunguzwe kwenye kitako chake na tundu la kapi ya henza (kamba ya kupandishia tanga) juu. Ufa unaofuata urefu si kitu, unaokatisha nyuzi ni hatari. Usukani utikise kwa kana (mkono wake): ukicheza zaidi ya sentimita moja kwenye bawaba, bawaba zimelika.

Ikishaelea, ipe siku tatu kabla ya kuihukumu kwa maji. Halafu weka farumi na mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu 8, toka nayo, bisha saa moja pande zote mbili, na hesabu ndoo za maji mnazofua (kuchota na kumwaga nje). Kwenda joshi (kuelekea upande wa upepo) ndiko kunakosokota chombo, mshono mbovu unajitaja hapo, si kwenye upepo wa nyuma.

---

Bamvua:

Karatasi pia, kabla ya kutoa hata senti. Namba ya usajili iliyoko ubavuni ilingane na cheti, na jina la kwenye cheti liwe la anayekuuzia, au awe na mkataba wa mauziano wa nyuma. Kwa huku bara usajili na ukaguzi wa usalama uko TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania). Ikiwa mashua ilisajiliwa Zanzibar iko chini ya ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar), na uhamisho uanzie huko. Ukishaibadili kutoka uvuvi kwenda kubeba watu 8 au 10, waone TASAC kabla ya kupigilia ubao wa kwanza, wakuambie wanataka nini kwenye majaketi, kimo cha ukingo juu ya maji na idadi ya abiria. Ni rahisi kuongeza sasa kuliko kubomoa. Mbao za mvule dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, zikikamatwa njiani bila hati zinakwenda na gari.

Kazi ya nje ifanye kuanzia Juni masika yakiisha, na leo hii, hata kabla hamjakubaliana bei, mwombe mwenyewe afue yale maji na kuifunika kwa makuti yenye upenyo wa hewa.